Madaftari Manne ya Papa Assumani

Kufuli halikuvunjwa. Inspekta Évariste Lifeta alilipeleka kwenye mwanga wa mlango, akaligeuza huku na huku, na hakuona mkwaruzo hata mmoja. Lilikuwa kufuli la zamani, la shaba, zito kama jiwe la kusagia pilipili. Lilikuwa la sanduku la bati, lenye saini ya mwenyewe kifunikoni, lililokaa chini ya kitanda cha marehemu Assumani Waziri, katika nyumba yake ya Lubunga, hatua chache kutoka reli.

"Ufunguo iko wapi, Mama?" aliuliza.

Mama Zaina, mjane wa marehemu, alifungua fundo kwenye ncha ya kikwembe chake akamwonyesha. Alisema aliutoa shingoni mwa mumewe siku ile ile aliyofariki, kabla hajaoshwa, na tangu hapo ulikuwa ndani ya lile fundo hata wakati wa kulala. Jumanne ilikuwa arobaini. Watu walijaa uani, wengine barazani, wengine mpaka chumbani. Jumatano asubuhi alifungua sanduku. Kanzu mbili zilikuwemo, kofia ya kazi ya reli ilikuwemo, barua za wasomaji zilizofungwa kwa kamba zilikuwemo. Madaftari manne hayakuwemo.

Hilo ndilo lililomvusha Lifeta mto Jumamosi ile, mara tu salongo, kazi ya pamoja ya usafi, ilipokwisha, angali na udongo kwenye viatu. Kwa miaka kumi na tisa Papa Assumani, karani wa reli, alikuwa ameandika kisa kimoja kirefu kiitwacho Nchi ya Maji Matatu: wafalme, miji yenye malango ya pembe, majini wa maporomoko, vita vilivyopiganwa na baba, mwana na mjukuu. Vitabu vitano vilikuwa vimetoka. Vilichapwa kwa stensili na kushonwa kwa mkono, vikasomwa mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa. Treni iliviteremsha Ubundu, mitumbwi ikavifikisha Basoko. Cha sita kilikuwa cha mwisho, chenye majibu yote. Kilikuwa ndani ya yale madaftari manne, kwa mwandiko wa marehemu, na hapakuwa na nakala nyingine.

Lifeta alichomoa kijiti kimoja kwenye ufagio uliosimama pembeni, akakipitisha ndani ya tundu la kufuli. Kilitoka kimelowa. Alikisugua kwa kidole. Yalikuwa mafuta mepesi, hayana rangi, yanateleza kama maji. Akamwuliza Mama Zaina ni mafuta gani anayotia kwenye makufuli ya nyumba.

"Mawese," alisema yule mama. "Kuko mafuta ingine?"

Mawese ni mekundu. Lifeta alikifunga kile kijiti ndani ya karatasi, akakitia mfukoni, akaendelea kuuliza. Marehemu alipokuwa mgonjwa, alisema lolote kuhusu madaftari? Mama Zaina alisema siku za mwisho homa ilimzidi, na akawa anarudia neno moja tu, Sanzu, Sanzu. Yeye hakujua kama ni mtu au mahali. Herufi za kizungu hakufundishwa. Alisoma chuoni kwa herufi za Kiarabu, na maandiko ya mumewe hakuwahi kuyasoma. Lifeta aliandika neno hilo na kulipigia mstari.

Mtu alikuwa amekwisha kukamatwa. Aliitwa Zacharie, mzee wa miaka sitini na mbili, ndiye aliyekata stensili za vitabu vyote vitano. Mkuu wa kituo kidogo cha ng'ambo ile alimweleza Lifeta habari nzima akiwa amesimama, kama mtu aliyemaliza kazi. Zacharie alionekana Jumanne akitoka kwenye arobaini na mfuko mzito. Jumatano asubuhi akarudi nyumbani kwa mjane, bila shaka kutazama kama wizi wake umegunduliwa. Walimkamata hapo hapo. Lifeta akauliza mfuko ulikuwa na nini. Mkuu wa kituo akasema madaftari, bila shaka. Lifeta akauliza kama kuna mtu aliyemwuliza mshtakiwa. Mkuu wa kituo akatazama dirishani.

Zacharie alikuwa amekaa kwenye sakafu ya kasho, mahabusu ya kituo, miguu imevimba, anakohoa. Alijibu maswali kwa upole, kama anayeshughulika na mtu mgeni katika fani yake. Mfuko ulikuwa na vikombe vya jirani, Mama Émilie, alivyoviazima kwa ajili ya wageni. Na Jumatano alirudi kwa sababu Mama Zaina mwenyewe alimwambia aje kuchukua madaftari. Wote waliokuwa kwenye arobaini walisikia hivyo.

"Inspecteur, nitaiba juu ya nini kitu chenye watanipa kesho yake?" aliuliza.

Lifeta aliliandika swali hilo kama lilivyo. Kisha akamwuliza kama kitabu hicho kilistahili kelele zote hizi, kwa maana yeye alikuwa hajakisoma. Uso wa Zacharie ukabadilika. Alisahau kasho. Alieleza kwamba katika kitabu cha pili yupo mvushaji mmoja aitwaye Kengo, ambaye mkono wake wa kushoto hauonekani kamwe. Wasomaji walibishana miaka: wengine walisema mkono huo una magamba ya samaki, wengine kwamba umebeba pete ya mfalme aliyeuawa. Ukweli ni kwamba yeye Zacharie, siku ile akiwa na malaria, aliruka mistari miwili wakati wa kukata stensili, mistari ambamo Kengo anavua glavu ya ngozi na kunawa. Alipogundua kosa alikwenda kwa Papa Assumani akilia.

"Unajua alisema nini? Alisoma zile barua za batu, kila mmoja na sababu yake. Akaniambia, 'Zacharie, acha vile. Hawa bananishinda akili. Nitatafuta sababu ya ule mkono.' Akaandika kitabu ya tatu yote juu ya lile kosa yangu."

Swali la mwisho la Lifeta lilikuwa la kawaida tu: kama madaftari yangepatikana leo, kitabu kingetoka lini? Zacharie akatikisa kichwa. Cha tano kilichukua miaka miwili kwa kukosa karatasi na wino. Cha sita kingeweza kuchukua mitatu.

Mama Émilie alithibitisha habari ya vikombe. Vyote vilirudi, ila kimoja kilikatika mkono, na jambo hilo bado lilimuuma. Lifeta alirudi kituoni na habari hiyo, lakini mkuu wa kituo alisema faili litakwenda parquet, kwa mwendesha mashtaka, Jumatatu saa sita mchana na mshtakiwa pamoja nalo, na mpaka hapo yeye hafungui mlango bila mwizi mwingine wa kuweka mahali pake.

Katika mtumbwi wa kurudi mjini, Lifeta alipanga alichonacho. Aliyechukua madaftari anajua kufungua kufuli bila ufunguo na kulifunga tena. Anatumia mafuta ambayo watu wa nyumbani hawana. Na ni mtu asiyeweza kungoja. Wasomaji wote wangekipata kitabu hatimaye, baada ya miaka miwili, baada ya mitatu. Mmoja hakuwa na miaka hiyo, au hakuwa na subira yake. Baada ya hapo alitoa kitabu cha kwanza, alichoazimwa na Mama Zaina, akaanza kusoma. Mpiga kasia ilibidi amwambie mara mbili kwamba wamefika.

Jumapili saa tisa alikuwa Mangobo, kwenye atelier ya Micheline mshonaji, ambapo wasomaji wa Maji Matatu walikutana kila wiki. Aliyemwelekeza ni Zacharie. Watu kama kumi na tano walikaa kwenye mabenchi na juu ya mafungu ya vitambaa. Lifeta alijitambulisha wazi, akasema anatafuta madaftari na kwamba haamini Zacharie aliyachukua. Wakampa kiti. Micheline, mwanamke mpana mwenye pini mdomoni, alimwambia wanalia kila siku kwa ajili ya yule mzee, lakini wamekuja kufanya kazi, na kazi itaendelea.

Kazi yao ilimshangaza. Alikuwa amezoea kusoma maandishi ya mashahidi yaliyojaa labda na nasikia. Hawa walitaja ukurasa. Mtu aliposema jambo, mwingine alidai ushahidi, na wa tatu alifungua kitabu kuhakikisha. Swali la siku hiyo lilikuwa la kale kuliko yote: nani alifungua lango la Zumbari usiku wa mafuriko, adui wakaingia na mfalme akauawa?

Micheline alisimama. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameshikilia kwamba ni mlezi wa mfalme, na watu walimcheka, kwa sababu mlezi ni mwanamke mzee asiye na nguvu. Sasa alikuwa na jambo jipya. Aliwataka wafungue kitabu cha kwanza, ukurasa wa themanini na tisa. Usiku wa mafuriko, mlezi anaomba jikoni sahani nne za chakula. Mlezi hula peke yake, hilo limesemwa mara tatu. Kisha wafungue ukurasa wa kumi na sita, ambako mwandishi anaeleza lango. Gogo linalolifunga haliinuliwi na watu pungufu ya wanne.

"Sahani ine, batu bane," alisema Micheline. "Alibalisha kwanza, njo bakamufungulia."

Kila mtu akasema kwa wakati mmoja. Lifeta mwenyewe alifungua ukurasa wa themanini na tisa. Alikuwa ameupita jana bila kuona kitu. Alijiuliza ni faili ngapi katika maisha yake alizozipita hivyo.

Wote sasa walimgeukia mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango. Alikuwa Papa Feruzi, fundi wa saa, rafiki wa marehemu tangu ujana, na mpinzani wa Micheline kwa miaka ile yote kumi na mmoja. Yeye alikuwa na imani kwamba lango lilifunguliwa na Kipofu, ndugu wa malkia, aliyelijua kwa kulipapasa. Watu walingoja moto. Papa Feruzi alipangusa macho kwa leso, akasema taratibu kwamba kila mtu na fikira yake, na kwamba sahani zile ni jambo zuri sana aliloliona Mama Micheline. Basi. Micheline alikaa chini kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi.

Ndipo akasimama Pierre, mwalimu wa hesabu, kijana mwembamba mwenye chaki kwenye pindo la mkono. Alisema ana neno kuhusu mto. Nchi inaitwa ya Maji Matatu, na katika vitabu vitano mito imetajwa miwili tu. Wa tatu haujulikani uko wapi wala unaitwaje.

"Jina naijua," alisema Pierre. "Inaitwa Sanzu."

Lifeta aliacha kuandika. Neno hilo yeye alilipata kwenye kitanda cha mtu aliyekufa. Aliwatazama waliokuwepo, kama alivyozoea kufanya kabla ya kumtazama msemaji. Micheline alikuwa ametoa pini mdomoni. Mtu mmoja alikuwa amesimama, wengine wanashikana mikono. Papa Feruzi alikuwa anakunja leso yake, pembe kwa pembe.

Akamwita Pierre nje, nyuma ya nyumba, akamwuliza alilipata wapi jina hilo. Hakulainisha sauti. Alimwambia jina hilo halimo katika kitabu chochote kilichotoka, na kwamba kuna mzee kwenye kasho kwa sababu ya madaftari ambamo bila shaka limo. Pierre alipauka. Kisha akafanya jambo ambalo wezi hawalifanyi: alirudi ndani mbio, akaja na kitabu cha tatu, akaanza kufundisha.

Kitabu cha tatu kina sura tano. Kila moja huanza kwa herufi kubwa iliyochorwa kwa mkono, na ni kitabu hiki peke yake kilichochorwa hivyo. Pierre alifungua moja moja. Siku ya nane. Askari wa Zumbari. Ngoma haikulia. Zamani za kiu. Usiku mmoja. Lifeta alizisoma herufi za kwanza kutoka juu hadi chini, kisha akatazama mwisho wa kitabu. Kilitoka miaka minane iliyopita.

"Na hukusema kwa mtu?"

Pierre alisema aligundua miaka miwili iliyopita na kumwandikia Papa Assumani. Alitoa barua kutoka ndani ya jalada, imekunjwa mara nne. Ilikuwa na mstari mmoja: Mwalimu, umefika kabla ya wote, usiwaambie mpaka siku zangu arobaini zipite. Chini kulikuwa na tarehe na saini ile ile ambayo Lifeta aliiona kwenye sanduku la bati. Alimrudishia barua kwa mikono miwili na kumwomba radhi. Pierre akauliza, akiwa bado anatweta, kama Inspekta anafikiri mto huo uko chini ya ardhi. Lifeta alisema yeye yuko kitabu cha pili tu.

Alirejea kwake kwa miguu, na alipokuwa anakata njia kati ya masoko jibu lilikwisha kukaa mahali pake. Mtu aliyebishana miaka kumi na mmoja amepewa hoja mpya ya kumwangusha, naye hatafuti hata ukurasa wa kujitetea. Mtu aliyeutafuta mto wa tatu tangu kitabu cha kwanza, kama wenzake wote, anasikia jina lake, na hashtuki. Kila mmoja katika chumba kile alikuwa na njaa, isipokuwa yule aliyekwisha kula.

Jumatatu saa mbili asubuhi, Lifeta aliweka saa yake ya mkononi juu ya meza ya Papa Feruzi, akasema inachelewa. Kibanda kilikuwa kidogo, kimejaa matumbo ya saa. Mzee aliichukua, akaifungua kwa kucha, akaweka kioo cha ufundi jichoni. Aliinama sana. Kisha akakiondoa kioo na kuendelea kwa ncha za vidole peke yake. Skrubu moja ndogo ilidondoka mezani mbele yake, wazi kabisa, na mkono wake ukapapasa kulia na kushoto bila kuiona. Lifeta aliisukuma mpaka ikagusa kidole cha mzee. Mzee akasema aksanti.

Karibu na taa kulikuwa na kichupa cha mafuta. Lifeta aliomba ruhusa, akakifungua, akatia tone moja kwenye ukucha. Hayana rangi, yanateleza kama maji. Akatoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua mezani, akaweka kijiti mbele ya mzee, akamwambia kwa sauti ya kawaida kimetoka wapi.

Papa Feruzi hakukana. Aliinama chini ya meza, akatoa furushi la kitambaa cheupe kilichofuliwa na kupigwa pasi, akalifungua. Madaftari manne yalikuwa ndani, hayana hata kona iliyokunjika.

Alieleza bila kuharakisha. Mwezi wa nne daktari alimwambia macho yake yanafunikwa, na kwamba mpaka mvua za mwisho wa mwaka hataona hata mkono wake. Alihesabu muda wa Zacharie kukata stensili, muda wa karatasi kupatikana. Aliona kwamba kitabu kitamkuta gizani. Siku ya arobaini, watu walipotoka kwenda kula, aliingia chumbani kusema dua, akaona sanduku, na mikono yake ikafanya inachokijua, kwa sindano na mafuta anayotembea nayo mfukoni. Alitaka kusoma kwa siku mbili na kurudisha kabla ya mtu kujua. Alisahau, kwa haraka ya moyo, kwamba madaftari yalikuwa yanangojwa kesho yake.

"Zacharie iko na siku tano kwenye kasho, Papa," alisema Lifeta.

"Najua. Alhamisi nilivuka nayo. Ijumaa tena. Nilifika mpaka kwenye mulango ya kituo, nikasikia ule mukubwa anapiga mutu kelele, miguu ikanirudisha." Alishika ukingo wa meza. "Miye si mwizi wa zamani, mwanangu. Miye ni mwoga. Hiyo andika."

Lifeta aliandika. Halafu akauliza jambo lisilohitajiwa na faili. Alisema jana ni ukimya wake uliomfichua. Angembishia Mama Micheline kama kawaida, huenda asingetambulika. Kwa nini hakubisha?

Mzee alikifunika kichupa cha mafuta.

"Ningebisha, ningesema uongo, maana sasa najua. Na kama ningekubali, ningewaibia. Wale batu banatafuta miaka yote hii kwa akili yao, bila mutu wa kuwasaidia. Uliona Mama Micheline na sahani zake? Uliona ule mwalimu mudogo? Assumani alikuwa ananiambia, 'Feruzi, mimi ninaandika kwa mukono moja, wao banasoma kwa mikono kumi.' Nitawakata ile kazi namna gani? Njo nikanyamaza."

Lifeta alifunga daftari lake la maandishi. Alikuwa na kichwa chake mwenyewe kinachotaka kuuliza juu ya lango, juu ya mkono wa Kengo, juu ya Sanzu, na majibu yote yalikuwa yamekaa mbele yake yakipangusa macho. Hakuuliza. Alisaidia kufunga kibanda.

Walivuka pamoja, mzee akiwa amekumbatia furushi kifuani. Nyumbani kwa Mama Zaina, Papa Feruzi alipiga magoti barazani na kusema yote mwenyewe, mbele ya jirani waliokusanyika. Mjane alisikiliza mpaka mwisho. Alipokea madaftari, akayahesabu, akayaweka mapajani. Hakupaza sauti.

"Ungeniomba," alisema. "Yeye alikuita ndugu. Ungeniomba, ningekusomesha hapa hapa kwenye kiti chake."

Papa Feruzi alisema aliona haya kuomba peke yake kitu kinachongojwa na wote. Mama Zaina alisema haya hiyo imemlaza Zacharie kwenye sumenti. Kisha akafunga kikwembe vizuri, akasimama, akamwambia Inspekta waende.

Walimkuta mkuu wa kituo akiandaa safari ya kwenda parquet. Mjane alitamka mbele yake kwamba anaondoa mashtaka, yote, na dhidi ya kila mtu. Mali yake imerudi, haidai. Lifeta aliandika PV, hati ya maelezo, hapo hapo kwenye kona ya meza. Alilipeleka faili mwenyewe mjini kabla ya saa sita, substitut, msaidizi wa mwendesha mashtaka, akalisoma mara mbili, akatia saini, na faili likafungwa. Saa nane alikuwa amerudi ng'ambo na karatasi ya kumtoa mtu.

Zacharie alitoka akishikilia ukuta. Papa Feruzi alikuwa amengoja kwenye jua tangu asubuhi, amekataa kiti. Alipomsikia anakohoa alimgeukia na kusema maneno yake ya kuomba msamaha, na hayakuwa mengi. Zacharie alimtazama muda, hasa macho.

"Siku tano," alisema. "Mbavu zote zinaniuma juu ya macho yako."

Akaanza kuondoka. Walimfuata nyuma kwa mwendo wake wa pole, Mama Zaina, Papa Feruzi, na Lifeta ambaye hakuwa na kazi tena lakini hakuenda zake. Nyumbani kwake Zacharie alinawa uso, akala lituma ya ndizi za kuponda aliyoletewa na Mama Émilie, akanyoosha miguu. Mwishowe akaomba madaftari. Alifungua la kwanza, akasoma nusu ukurasa akiwa amesimama, akavuta kiti mpaka kwenye mashine yake ya chapa.

Alisema bila kugeuka kwamba katika vitabu vitano amefanya makosa mengi kuliko wanayoyajua, na kwamba Papa Assumani ndiye aliyekuwa akikaa pale pembeni kuyakamata. Sasa hayupo. Anayekijua kisa hiki kwa kichwa, jina kwa jina, ni mtu mmoja tu, na kwa kazi hiyo macho hayahitajiki.

"Kila asubuhi utakaa pale," alimwambia Papa Feruzi, akionyesha kigoda. "Nitasoma kwa sauti kabla ya kukata. Nikikosa, unanisimamisha. Mpaka mustari ya mwisho. Kisha tutaangalia kama ninakusamehe."

Papa Feruzi alikipapasa kigoda, akakaa. Mama Zaina naye akavuta mkeka wake karibu na mlango. Alisema amepika kwa ajili ya kitabu hiki miaka kumi na tisa na hakuna aliyewahi kumsomea hata ukurasa, leo hatoki. Zacharie alitia stensili kwenye mashine, akasafisha koo, akainua daftari la kwanza. Kisha akaliteremsha na kumtazama Lifeta aliyekuwa ameegemea ukuta, kofia mkononi.

"Inspecteur, wewe umefika kitabu ngapi?"

Lifeta alikiri kwamba amemaliza cha pili asubuhi hiyo.

"Bon," alisema Zacharie. "Basi toka nje, tafadhali."

Akatoka. Mlango ulifungwa nyuma yake kwa adabu.

Jua lilikuwa kali, na foleni ya mtumbwi ilikuwa fupi. Alisimama kidogo chini ya ukingo wa bati, akasikia sauti ya Zacharie ikianza kusoma, taratibu, na mashine ikigonga mstari wa kwanza. Maneno hayakusikika. Alishuka mtoni kwa hatua ndefu, akihesabu kama atawahi kufika Mangobo kabla Micheline hajafunga, maana ndiye aliyekuwa na nakala ya kitabu cha tatu ya kuazima.